Nguruwe wa Malai Mbele ya Katekista

Jambo hili ninalo tangu Kwaresima, na mpaka leo nikikutana na mtu wa kanisani nainamisha uso, lakini nyinyi ni wenzangu, acha niwaambie mwenyewe kabla hamjaambiwa na watu wa Lamadi.

Mnajua kwetu mimi ndiye mkubwa. Wazazi walipofariki niliacha shule darasa la sita nikawa mama na baba wa wadogo zangu (huku nauza maandazi hapa Bariadi, mwili mzima unanuka mafuta), kwa hiyo mdogo wangu Milembe alipopata mchumba, na wakwe wakasema watakuja kutoka kwao Lamadi kutuona Alhamisi jioni, nilijua wanachokuja kutazama si Milembe, ni malezi yangu. Baba mkwe ni katekista. Akituona ovyo, posa imekufa.

Basi nikaona kwenye simu pishi moja rahisi kweli: nyama ya nguruwe isiyo na mifupa unaikata vipande bapa, unaikaanga na vitunguu, unaiacha ichemke taratibu mpaka ilainike, halafu unamimina malai, ule utando mzito wa juu ya maziwa, na maziwa kwetu Usukumani si kitu cha kuhangaikia. Uzuri wake, alisema yule dada wa kwenye simu, unapika leo unakula kesho, na kikilala ndiyo kinanoga. Nikapika Jumatano, nikaweka kwenye friji ya jirani, nikajiona mpishi wa hoteli.

Alhamisi mchana mama mkwe akapiga simu: gari limewaharibikia, wanaomba waje kesho. Hapo ndipo nilipojiponza. Mtu mwenye akili angesema ngoja nifikirie, mimi nikajibu kwa mbwembwe, "Njooni tu mayu, chakula changu hakina haraka!"

Kesho yake ilikuwa Ijumaa ya Kwaresima, siku ambayo sisi Wakatoliki hatugusi nyama, na msidhani sikujua ni Ijumaa, maana saa tisa nilikuwa kanisani kwenye Njia ya Msalaba, nimepiga magoti vituo vyote kumi na vinne, kisha nikarudi nyumbani nikapasha nguruwe. (Msicheke. Kichwani mwangu kile kilikuwa chakula cha Alhamisi, kimeshapikwa, hakina siku tena.) Milembe angenishtua, lakini nilikuwa nimemkataza kukanyaga jikoni asije akanuka moshi mbele ya wakwe.

Wakafika, tukasalimiana kwa Kisukuma, "Mwadila mayu," "Mwadila baba," wakanawa, nikaleta ugali, nikafunua sufuria. Shangazi wa mchumba, mama mwenye mdomo kweli, akachungulia ule mchuzi mweupe.

"Ee! Kumbe sangara wetu wa Lamadi wanafika mpaka huku?"

Nikacheka kijinga, nikidhani ananitania, nikawapakulia wote, katekista nikamzidishia. Akasimama kusali.

"Bwana, tunakushukuru kwa watoto hawa, hawana baba wala mama, lakini wameshika mfungo wako siku ya leo ya Ijumaa..."

Nikafumbua macho. Wenzangu wote wamefumba, sahani zinafuka mvuke. Nikawaza kunyamaza. Shangazi ameshasema ni sangara, wangekula wakaondoka wakitusifu, na Milembe akaolewa. Lakini mzee amesimama pale anamshukuru Mungu kwa ajili yangu.

"Amina," wakasema, na katekista akachovya tonge.

"Baba, usile!" Nilipiga kelele kama nimeona nyoka. "Si samaki. Ni nguruwe."

Milembe akajifunika uso kwa khanga. Shangazi akaisukuma sahani mpaka ikagonga jagi la maji.

"Nguruwe! Ijumaa! Si nilisema mimi? Ndiyo mambo ya watoto kulelewa na mtoto mwenzao!"

Miaka yote ile niliyowalea nilikuwa naliogopa neno hilo, na siku nilipolisikia nilikuwa nimelipika mwenyewe. Nikapiga magoti, nikasema kosa ni langu, Milembe hakujua kilichomo sufuriani, wanihukumu mimi wamwache yeye.

Katekista akalitazama tonge lake, malai yanamchuruzika vidoleni, akalirudisha sahanini.

"Ungenyamaza ningekula," akasema polepole. "Nisingejua." Kisha akaomba maji anawe tena.

Wageni niliowatayarishia siku mbili wakala ugali kwa maziwa ya mgando.

Posa haikufa. Harusi ni baada ya mavuno, ila mshenga amekuja na sharti moja: wapishi watatoka upande wa bwana harusi, mimi nikae mbele, mahali pa mama mzazi, nimependeza, nisiguse mwiko. Nimekubali, ningesema nini? Na kupika leo kwa ajili ya kesho nimeacha kabisa. Kwangu chakula kikiiva kinaliwa, mgeni asipofika shauri lake.