Bi Mizinga na Dawa ya Jioni

Ukitaka kumjua Bi Mizinga, usianzie kwenye asali. Asali kila mtu anaipenda, hata wavivu. Anzia asubuhi ile aliyochukua ufagio laini wa chumbani, akafagia nyuki waliokufa mbele ya mizinga yake. Alifagia taratibu, bila kukanyaga hata mmoja, mpaka wakajaa beseni la kunawia. Kutoka mizinga tisa akabaki na mitano.

Aliyewaua alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, ambaye shamba lake linapakana na ua wa Bi Mizinga. Watu humwita Tikiti, kwa kile anachopanda na kwa kile anachobeba juu ya mkanda. Hakukusudia ubaya. Vidukari walikuwa wamevamia matikiti yake, akakodi wapuliza dawa, nao wakaja saa mbili asubuhi, maua yakiwa wazi na nyuki wakiwa kazini. Ilipofika adhuhuri vidukari walikuwa wamekwisha, na nyuki nao vilevile.

Tikiti alisubiri matusi. Majibu yake alikuwa ameshayaandaa, na mengine yalikuwa mazuri kweli. Lakini Bi Mizinga, aliyekuwa fundi cherehani kwa miaka thelathini, hakutukana mtu. Aliingia chumbani kwake, ambako cherehani bado imekaa chini ya dirisha, fremu za mizinga zimerundikwa mahali pa vitambaa, na kila kitu, hadi mto wa kulalia, kinanuka nta. Siku mbili hakutoka. Ukimya ule ulimtesa Tikiti kuliko tusi lolote.

Wiki tano baadaye Bi Mizinga akabisha hodi kwake, kisu mkononi.

"Shemeji, kisu cha nini tena?" aliuliza Tikiti, akirudi nyuma hatua moja.

"Ningetaka kukuchinja ningekuja mapema. Twende shambani."

Mavuno ya msimu ule yalikuwa ya kutia huruma. Matikiti mengine yalidondoka yakiwa na ukubwa wa ndimu, mengine yalinenepa upande mmoja na kusinyaa upande wa pili. Tikiti alikuwa amelaumu mbegu, akalaumu mbolea, akamaliza kwa kumlaumu mwenye duka. Bi Mizinga alichuma lililopinda kuliko yote, akachuchumaa na kulipasua.

"Tazama mbegu. Huku zikoje?"

"Nyeusi, zimejaa."

"Na huku?"

Tikiti alizifinya kwa kidole. "Maganda matupu."

"Basi huku chavua ilifika, huku haikufika. Ua la kike likifunguka asubuhi, mchana limeshafumba. Kwa saa hizo chache linataka nyuki waje, waondoke, waje tena, kila mmoja aache unga kidogo kutoka kwenye ua la kiume. Wasipokuja, hata umwagilie maziwa, tunda la maana hulipati."

"Miaka kumi na minane nalima," alisema Tikiti polepole, "nilidhani wanakuja kuniibia utamu tu."

"Wanachukua wao, wanakuachia wewe. Tena hujawahi kuwatengea hata maji ya kunywa."

Aibu ilimshika mzee mzima, akashindwa pa kuweka mikono. Yale majibu yake mazuri aliyameza moja baada ya jingine.

Msimu uliofuata vidukari wakarudi, na hapo ndipo mtihani ulipokuja. Asipopuliza, shamba linakwenda. Akipuliza asubuhi, ile mizinga mitano nayo inakwenda. Njia ilikuwa moja tu, kupuliza jioni, maua yakishafumba na nyuki wakisharudi kwao. Tikiti aliwafuata wapuliza dawa wake, wakamkatalia kabisa. Wao hufunga kazi mchana, na jioni ni ya familia zao. Akarudi kwa Bi Mizinga kumweleza, ameinamisha kichwa.

"Lete bomba la kupulizia," alisema Bi Mizinga.

"Wewe? Na nyuki zako?"

"Ndiyo maana."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, kwamba mwenye nyuki kageuka mpuliza dawa. Wacha wacheke. Mama wa miaka sitini na tatu, lita kumi na tano mgongoni, glavu hadi kwenye viwiko, pua na mdomo vimefunikwa, alipita mstari kwa mstari. Kila alipofika mwisho alinyoosha kiuno, akaguna, akageuka. Dawa ileile iliyomtia hasara aliibeba mwenyewe, ili shamba la aliyemtia hasara lipone na nyuki wake wapone pia. Huo ni moyo wa pekee, na anayeona ni jambo dogo, avae yeye hilo bomba. Tikiti alipewa kazi ya kutangulia na kukagua majani.

Jioni ya tatu, mistari miwili kabla ya kumaliza, Tikiti akainua mkono.

"Simama, shemeji! Simama hapo hapo!"

Juu ya jani alikuwepo nyuki mmoja aliyechelewa. Miguu ilikuwa imelemewa na chavua ya njano, na mabawa hayakutikisika. Bi Mizinga alisogea, akamtazama. Giza lilikuwa linaingia na mabega yalimuuma.

"Huyo amechoka mno, hafiki," alisema. "Ni mmoja tu. Tumalizie."

"Hapana," alisema Tikiti. "Huyu anarudi kwao."

Akalikata jani kwa kucha, akalilaza kwenye viganja vyote viwili, akavuka mpaka wa shamba akitembea kwa ncha za vidole vya miguu, tumbo lake lote likimtangulia. Akapiga magoti mbele ya mzinga wa kwanza, akalishikilia jani mlangoni mpaka nyuki alipojikokota na kuingia ndani kwa miguu yake mwenyewe. Bi Mizinga alibaki amesimama katikati ya mstari, bomba zito mgongoni, amesahau kulitua.