Mazishi ya Baba, Kutoka Juu

Siku ya pili ya kilio, kaka yangu mkubwa alinikuta nyuma ya nyumba nikichambua sombe, majani ya muhogo, pamoja na wanawake wa parokia. Hakuketi. Alisimama na simu yake mkononi, akaniita kwa kichwa. Nikapangusa mikono, nikamfuata hadi kwenye ukuta wa lupango, ua wa nyumba yetu.

«Yaya wetu hatafika,» alisema. Dada yetu wa kwanza anaishi Afrika Kusini, na pasipoti yake ilikuwa imekwisha muda. «Anasema anataka aone yote, toka hapa nyumbani mpaka makaburi. Utapiga picha na droni.»

«Minye?»

«Nani mwingine? Mu Likasi yote bantu banakuita weye ku ndoa zao. Baba yako utamuachia muntu wa mbali?»

Nikasema sawa. Siku ile ningesema sawa kwa lolote. Kama angeniambia nipande juu ya paa nilale huko, ningetafuta ngazi.

Baba alikufa jana yake asubuhi, akiwa ameketi kwenye kiti cha plastiki barazani, akisubiri chai ipoe. Chai nilimpelekea mimi. Nilirudi kuchukua kikombe, nikakikuta kimejaa. Tangu saa ile nilikuwa nimefanya kila kilichohitajika: nilipiga simu, nilimtafutia suti, nilimshika mama asianguke. Sikuwa nimelia. Wanawake walikuwa wakinitazama kwa pembe ya jicho, na shangazi mmoja aliniambia kwa upole kwamba machozi yakikaa ndani hugeuka ugonjwa. Nilimwitikia, nikaenda kuangalia kama bukari, ugali wetu, limeiva.

Kesho yake asubuhi nilitoka na daftari kuitembea njia. Hiyo ndiyo desturi yangu kabla ya kazi yoyote ya droni. Mashine yangu ina macho, ndiyo. Ikikaribia ukuta, lori au mti wenye majani, inasimama yenyewe. Lakini waya wa umeme haiuoni. Tawi jembamba lisilo na majani hailioni, wala kioo. Na wewe mwenyewe, ukiangalia skrini ndogo kama kiganja huku jua likiipiga, hutauona. Kwa hiyo kazi ya kutogonga hufanywa kwa miguu, droni ikiwa bado ndani ya mkoba. Hutafuti waya, unatafuta nguzo. Ukiona nguzo mbili, amini kwamba kati yake kuna waya, hata kama macho yanakuambia hewa ni tupu.

Toka kwetu mpaka parokia nilihesabu nguzo kumi na moja, mbili zimeinama. Kulikuwa pia na nyaya ambazo watu wamejivutia wenyewe toka nyumba hadi nyumba, moja imefungwa kwenye mparachichi wa jirani. Zote niliziandika. Mama mmoja anayeuza makaa pembeni ya barabara aliniona, akainuka.

«Pole sana, mama. Tulisikia.»

«Nane,» nilimjibu.

Nilikuwa kwenye nguzo ya nane. Akanitazama. Nikamwambia asante, nikaendelea.

Makaburini niliandika mengine: mikaratusi mirefu upande wa mashariki, na karibu na shimo walilokuwa wakilichimba, mti wa jakaranda. Ulikuwa mwisho wa kiangazi, na jakaranda zilikuwa zimepukutisha majani yote. Niliandika: «Jakaranda, mukavu, kushoto.» Kisha nikaweka kimo cha kurudi. Droni ikipoteza mawasiliano, hupanda hadi kimo ulichoiwekea na kurudi kwa mstari ulionyooka pale iliporukia, bila kupinda kona kwa ajili ya mti wala mnara wa kanisa. Niliweka mita sitini. Wachimbaji wawili waliacha kazi wakaniuliza ninatafuta nini. Niliwaambia mimi ni mtoto wa marehemu. Waliondoa kofia.

Baba alikuwa mwendesha winchi, miaka mingi, kwenye kiwanda cha shaba. Alikaa juu kwenye kibanda chake akibeba vitu vizito juu ya vichwa vya wenzake. Nilipoinunua droni, watu wengine nyumbani walicheka au waliogopa, lakini yeye alivaa miwani yake na kuizungusha mikononi kama anayekagua kuku sokoni.

«Mugongoni iko na macho?» aliuliza.

«Iko nayo mbele, nyuma na chini.»

«Na pembeni?»

«Pembeni hapana, baba.»

«Basi usiende pembeni.»

Alinirudishia. Kwake habari ilikuwa imekwisha. Baadaye nilimwonyesha picha za kiwanda nilizopiga kutoka mbali, na bomba lake refu la moshi, akanisahihisha: paa nililodhani ni la kantini lilikuwa la chumba cha kubadilishia nguo.

Siku ya maziko karatasi ya ruhusa ya kurusha droni ilikuwa mfukoni, na betri tatu zilikuwa zimejaa. Nilivaa kitenge cha kilio kama wengine, na viatu vya raba chini yake. Anayerusha droni akiwa anatembea anahitaji mtu wa pili: mmoja anaangalia skrini, mwingine anaiangalia mashine yenyewe angani na kilicho karibu nayo. Kaka alikubali kuwa macho yangu. Alinishika kiwiko nisijikwae, na kila mara akasema: «Nguzo inakuya. Panda. Bado. Sawa, shuka.»

Tulikwenda hivyo toka nyumbani mpaka kanisani, na toka kanisani mpaka makaburini. Niliiweka nyuma ya msafara, kando ya watu, kamwe si juu ya vichwa vyao. Kwenye skrini nililiona gari lililombeba baba, dogo kama kiberiti, na nyuma yake watu wenye vitenge vya rangi moja wakienda polepole. Nilimwona mama, nikamtambua kwa namna anavyoegemea mguu wa kulia. Nilikuwa najua kwamba ni mazishi ya baba. Nililijua hilo kama ninavyojua jina la mtaa. Kilichonishughulisha kilikuwa mwanga, na upepo ulioanza kuvuma kutoka upande wa Kambove.

Kaburini walimwita kaka. Mwana wa kwanza wa kiume lazima ashike kamba. Aliniangalia.

«Utaweza peke yako?»

«Nenda.»

Hapo ilinipasa kuishusha. Mtu mwingine angeniuliza ushauri, ningemwambia aishushe: hakuna anayekutazamia, upepo upo, mti mkavu upo karibu. Sikuishusha. Niliisimamisha nje ya duara la watu, mita nane hivi juu ya ardhi, ikitazama shimo. Padri alimaliza sala. Wanaume wakashika kamba, jeneza likaondoka kwenye mbao. Bega la mtu lilikuwa linaziba picha. Nikasukuma kijiti cha rimoti kushoto, kidogo tu, ili jeneza lirudi katikati.

Wakati huo mama alitoa sauti. Haikuwa kilio, ilikuwa kama mtu aliyeitwa ghafla akaitika. Nikainua macho kumtafuta, na kidole changu kikabaki palepale kwenye kijiti.

Nilisikia mapanga ya droni yakikata matawi, mlio kama wa kitambaa kinachopasuliwa. Kisha droni ikaanguka kwenye saruji ya kaburi la watu tusiowajua, ikaruka, ikaingia kwenye nyasi. Hakuna aliyeumia. Nyuso zote ziligeuka, kwaya ikapoteza wimbo kidogo na kuupata tena. Nyuma yangu mama mmoja mzee alisema, bila kunong'ona sana: «Baba amekataa. Hataki picha.»

Nilikwenda kuiokota. Mkono wake mmoja ulikuwa umevunjika, mapanga mawili hayapo, na betri ilikuwa imechomoka. Betri ya namna ile ikigongwa inaweza kuwaka, na nyasi za mwisho wa kiangazi ni karatasi tupu. Kwa hiyo nilipiga magoti nikaanza kuitafuta. Nilipapasa kati ya makaburi mawili, nikagusa kifuniko cha chupa, nikagusa maua ya plastiki. Nilisikia udongo wa kwanza ukigonga ubao, kisha wa pili. Niliwaza: ngoja niipate kwanza, nitageuka. Niliipata chini ya msalaba wa chuma, ina joto kidogo, haijavimba. Niliibeba hadi kwenye kipande cha ardhi tupu, nikaiweka hapo, nikakaa nayo mpaka ipoe.

Nilipogeuka, wanaume walikuwa wakimwaga udongo kwa nguvu na shimo lilikuwa limejaa nusu. Kaka alinijia, mikono yake ikiwa myekundu kwa kamba.

«Imeharibika?»

«Mukono moja.»

«Itatengenezwa,» alisema, akaniwekea mkono begani. Tulisimama hivyo. Nilihisi uzito wa mkono wake, basi.

Kadi ya kumbukumbu haikuumia. Siku iliyofuata niliikata video, kwa kuwa dada alikuwa akipiga simu kila saa. Nyumbani, barabara, kanisa, makaburi. Inafika pale wanaume wanaposhika kamba, picha inateleza kushoto, matawi yanaijaza, mbingu inazunguka, halafu nyasi. Sehemu ile niliiondoa, nikamtumia dada iliyobaki. Alinipigia jioni, sauti yake imekauka kwa kulia.

«Asante, mutoto wetu. Nimeona mama. Nimeona bantu wote vile walikuya. Lakini pale walimushusha, sijapaona.»

«Betri iliisha, yaya.»

«Ah. Njo vile, basi.»

Nilimdanganya bila hata kusita, na baada ya simu sikujisikia vibaya wala vizuri. Niliosha vyombo.

Wiki tatu baadaye wageni walikuwa wamekwisha kuondoka, na kaka amerudi kazini Lubumbashi. Nilikuwa nimetengeneza mkono wa droni na kurekodi ndoa moja Kapolowe, bila tatizo. Mama alinikuta mezani na kompyuta. Akavuta kiti.

«Nionyeshe,» alisema.

Aliitazama video yote. Alipojiona akitembea, aliuliza: «Njo minye ule? Nimekonda.» Ilipoishia kwenye kamba, aligeuka kwangu.

«Na kisha?»

Yeye sikuweza kumwambia habari ya betri. «Kisha ikagonga muti, mama. Nilikuwa nakutafuta weye kwa macho. Nikaenda kuiokota. Sikuona walimushusha.»

Vidole vyake vilisawazisha kitambaa cha meza.

«Minye pia sikuona,» alisema. «Ba-mama walinifunika kitenge ku uso, wakanigeuza. Nilisikia tu.»

«Sikujua.»

«Kaka yako alikuwa anaangalia kamba isiteleze mukononi. Sijui nani aliona.» Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayetafuta alikoweka ufunguo. «Kesho twende.»

Tulikwenda asubuhi. Mvua mbili za kwanza zilikuwa zimekwisha kunyesha, na njia ya makaburini ilikuwa imelainika. Nilimshika mkono. Mkoba wa droni niliuacha nyumbani, sikuufikiria hata. Jakaranda lilikuwa limechanua na maua yameanguka juu ya kila kitu, kaburi letu na ya wengine. Mama aliyaondoa msalabani kwa mkono, akasoma jina la baba na tarehe zake kwa kunong'ona, akafanya ishara ya msalaba. Nami nikafanya.

Nilisubiri. Nilidhani kwamba pengine pale, nikiwa nimesimama juu ya miguu yangu na sina kitu mkononi, kitakuja kile ambacho shangazi alisema kimekaa ndani. Nilisikia kunguru, na pikipiki mbali. Niliona kwamba mama amevaa soksi za baba ndani ya viatu vyake. Nilizitazama muda mrefu. Kifua changu kilikuwa kizito kidogo, kama baada ya kula haraka, na hakuna kingine kilichokuja.

«Udongo umeshuka,» mama alisema.

Ilikuwa kweli. Kaburi lilikuwa limebonyea katikati, na maji ya mvua yalikuwa yametuama upande wa kichwani. Mama alichuchumaa, akaingiza vidole ndani ya yale maji kupima kina.

«Hii haiwezi kubaki hivi. Mvua kubwa bado. Tafuta muntu iko na toroka.»

Nilimpata mtu huyo getini, na mkokoteni wake wa gurudumu moja na jembe. Aliuliza alete udongo mara ngapi. Mama alisema alete mara tatu, tutaona. Aliporudi na mzigo wa kwanza na kuumwaga, mama alimwomba jembe, akaanza kuusambaza mwenyewe, akianzia kichwani. Baada ya muda alichoka, akaninyooshea mpini. Nikaupokea.