Harusi Iliyokuwa Kwenye Seva

Uongozi wa studio ya video za harusi pale Sinza uliwatangazia wafanyakazi wake wote, yaani watu wanne, kwamba kuanzia sasa kazi zote zitakaa kwenye seva moja inayofikiwa na kila kompyuta, na kwamba hakuna picha ya mteja itakayopotea tena.

Brightson, mhariri mkongwe, alipiga makofi kuliko wote. Wiki hiyohiyo kompyuta yake ikajaa. Akaiona kwenye skrini folda ya harusi ya binti wa Mzee Mwishehe, akaamini ni nakala yake, akaifuta. Meza ya pili, Naima aliyekuwa akiihariri harusi hiyohiyo alipiga kelele.

"Nani kafuta?"

"Mie nimefuta ya kwangu tu."

"Ya kwako? Braza, humu hamna cha kwako! Ukifuta wewe, tumefuta wote!"

Kadi za kamera zilikwisha kufutwa na kurekodiwa harusi nyingine.

Alasiri Mzee Mwishehe akafika kutoka Temeke.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Siku ile nilikuwa nimelazwa, binti kaozeshwa na amu yake. Nionyeshe tu pale anapotoka ndani."

Brightson alitazama viatu vyake. Masikio yalimwaka moto. "Mzee, nimeifuta kwa mkono wangu."

Mzee akatoa simu yake, akamwonyesha kipande kifupi alichorekodi shangazi wa bibi harusi. Vilionekana visogo vya wageni na feni ya darini. Vigelegele vilisikika vizuri.

Hiyo ndiyo nakala pekee iliyopo.