Mbingu ya Shuka

Fundi saa yule hakuwahi kufanya kazi reli hata siku moja, lakini mtaa mzima ulimwita Mkuu wa Stesheni. Watoto walipokua na kuhama, alikitwaa chumba chao, akaweka meza moja kubwa na juu yake akajenga reli: mataruma ya njiti za kiberiti, vyuma vya spoku za baiskeli, mabehewa ya makopo ya maziwa, na abiria wa waya wadogo kama ukucha. Jirani akipita dirishani alimtania, "Mkuu, treni ya leo saa ngapi?" Naye hujibu bila kuinua kichwa, "Imeshapita. Wewe umezoea kuchelewa."

Kujenga kulikuwa nusu tu ya starehe yake. Nusu ya pili ilikuwa kupiga picha. Kamera yake ya filamu aliilaza mezani, usawa wa macho ya wale abiria, hata picha ikitoka mtu angeapa kwamba stesheni ile ni ya kweli. Kilichomsumbua ni mbingu. Shuka la buluu ukilipigilia misumari ukutani, mikunjo inaonekana. Lakini akiwepo mtu wa kulishika, akalivuta huku akilitikisa taratibu, mikunjo inapotea na mbingu inakuwa mbingu. Mtu huyo alikuwa mkewe. Kila Jumapili alisimama nyuma ya meza, mikono juu, uso umefichwa na shuka.

"Mume wangu, mabega yananiuma."

"Vumilia, mama. Treni ndiyo inaingia."

"Treni yenyewe haina hata injini, inaingiaje?"

Akacheka peke yake huko nyuma. Picha ziliporudi kutoka studio, fundi alichukua mkasi akakata ukingo wa juu, kwa sababu vidole vya mkewe vilionekana, na mbingu haina vidole.

Siku moja mama wa watu alipiga chafya, shuka likamponyoka, kamera ikanasa uso wake mzima ukicheka juu ya vilima vya karatasi. Fundi aliitazama picha hiyo, akasema filamu imeharibika bure, akaichana vipande.

"Hata hiyo moja?" mkewe aliuliza.

Mwanamke mwingine angemtupia shuka lake usoni. Huyu alilifua, akalipiga pasi, akalitundika tayari kwa Jumapili nyingine.

Halafu akaugua homa, na homa ikamchukua. Mdogo wa marehemu alimfuata fundi chumbani.

"Shemeji, tunataka picha ya dada ya kuweka juu ya jeneza. Kesho tunazika."

"Zipo," alijibu upesi. "Nyumba hii imejaa picha."

Alipiga magoti sakafuni na binti yake, wakafungua maboksi. Treni asubuhi. Treni kwenye mvua ya bomba la kumwagilia maua. Treni darajani, treni ikisubiri, treni ikiondoka. Picha ya harusi ililiwa na mchwa zamani, na nyingine haikupigwa, kwa kuwa filamu ilikuwa ya treni. Kitambulisho kilikuwa kimechakaa hata uso haujulikani. Wahenga walisema majuto ni mjukuu; wake alifika siku hiyo. Aliikumbuka ile picha aliyoichana, akaona haya hata mbele ya mwanawe.

Mwishowe alipata moja ambayo mkasi uliisahau. Akampelekea shemeji yake.

"Hii hapa."

Shemeji aliigeuza huku na huku. "Hii ni stesheni. Dada yuko wapi?"

"Yuko hapo nyuma." Alimwonyesha ukingo wa juu, palipokuwa na vidole vinne na pete. "Ndiye anayeshika."

Binti aliichukua picha akaitazama kwa muda mrefu. "Baba, hukuweza kumwambia ashushe mikono, hata mara moja tu?"

Fundi aliipokea picha, akairudisha kwenye boksi.

Jeneza lilitoka bila picha. Lilipokuwa likipita mlangoni, alikuja mbio na shuka la buluu, lililopigwa pasi na marehemu mwenyewe, akitaka kulitandaza juu. Shemeji yake alilipokea, akalikunja vizuri, akamrudishia mikononi.

"Hili amelishika vya kutosha," alisema.