Mitungi Mitatu ya Paskalia

Mwaka ule Wadachi walipofikisha garimoshi Morogoro, kule Kinole mlimani Paskalia alifanya jambo ambalo mwenye akili timamu halifanyi: aliita watu wamvunie mpunga, ilhali ndani hana hata tone la pombe. Na mavuno ya ujima bila pombe, nani asiyejua? Harusi bila bibi harusi! Lakini mtama wake wote wa pombe ndege walikuwa wameumaliza, mpunga unapukutika, na mvua za mlimani hazina adabu. Angefanyaje? Akajaza maji mitungi mitatu, akaifunika kwa majani ya mgomba, akaipanga mlangoni watu waione vizuri. Alikuwa na moyo mwanamke yule!

Wakaja watu kumi na wawili. Wa kumi na tatu hakualikwa. Huyo ni Mihambo, mpagazi wa Kinyamwezi. Msafara wake umepumzika bondeni, yeye kapanda kutafuta ndizi.

"Waluguru bado mpo?" akapaza sauti. "Nilidhani mlishaporomoka wote!"

"Ee punda, nani kakufungua kamba?" Paskalia akamjibu kwa furaha, maana Mnyamwezi na Mluguru ni watani, na matusi ndiyo salamu yao. "Shika kisu. Hapa mpita njia hali ndizi bure."

Loo, Mihambo alivyovuna! Mpunga wa huku hukatwa suke kwa suke. Yeye akafyeka kama anakatia ng'ombe majani. Wanawake walicheka mpaka wakakaa chini, kisha wakamfundisha.

Adhuhuri kiu ikamshika. Akanyata hadi mlangoni, akafunua mtungi, akapiga kata moja. Akafunua wa pili. Akageuka kumtazama Paskalia.

"Mtani," akasema polepole, "pombe yako kali."

Paskalia akajua ameshikwa. Huyu akifungua mdomo, basi: visu vitatupwa na mpunga utabaki, wala hakuna atakayekanyaga tena shambani kwake. Aliogopa kwelikweli. Akamwomba kwa macho. Mihambo akafuta midomo, akarudi shambani akipiga mluzi.

Jua lilipoinama, suke la mwisho likaingia kapuni, watu wakauelekea mlango. Ndipo Mihambo alipojibwaga kizingitini, chali.

"Nimekufa! Waluguru wameniua kwa kazi! Hakuna kunywa mpaka nikazikwe kwetu Unyamwezi!"

Paskalia akashika kichwa, akaangua kilio. "Uwii, mtani wangu! Jamani, nendeni tu nyumbani, pombe hainyweki na maiti mlangoni!"

Bernadeta, jirani aliyewazidi wote umri, akaketi juu ya kapu lake.

"Paskalia mwanangu, hebu nyamaza. Pombe hupikwa siku nyingi, na kilima kizima huisikia harufu. Kwako tumenusa nini? Kunde! Unadhani pua zetu ziko Bagamoyo?"

"Kwa hiyo… mlijua?"

"Tangu juzi. Na mwaka jana nilipolala na homa, palizi yangu aliimaliza nani?"

Paskalia akaanza kulia upya, safari hii machozi ya kweli. Maiti akafumbua jicho moja.

"Kumbe nimekufa bure?"

"Kaa hivyo hivyo," Bernadeta akasema, akamruka. "Paskalia, lete kata. Tuna kiu."

Wakayanywa maji yale, mitungi yote mitatu, na mtu wa mwisho akaondoka akipepesuka.