Pete ya Mkalimani

Yule bwana mkalimani wa ubalozini, hapa Maskati, huongea polepole huku vidole vyake vikiichezea pete. Alipoomba kibali cha kushika nyaraka za siri, ofisa wa usalama kutoka Ulaya alimwuliza, “Wewe ni mwanamume, na una mume. Nani anaweza kukutisha kwa hilo?” Vidole vikatulia. “Zamani, yeyote. Sasa hakuna. Hata mama yangu nishamwambia.” Macho hakuyainamisha.

Kibali kilipotoka, alimpigia simu mama yake aliyeko mji wa Sib, jirani na Maskati. Tangu aambiwe, bibi huyo hakuwahi kumtaja mkwewe hata kwa bahati mbaya.

“Mama, wamenikubali!”

“Alhamdulillahi, mwanangu.” Akashusha sauti. “Na mwenzio, ushamwambia?”