Kaka Yangu na Ngonjera ya Mgeni

Mwaka jana nilistaafu nikarudi Lushoto, na asubuhi ya kwanza nikaamshwa na watoto wa shule wakiimba mchakamchaka barabarani. Majirani walidhani nalia kwa furaha ya kufika nyumbani. Wewe nitakwambia ukweli: nilikuwa namlilia kaka yangu.

Kaka alikuwa na kigugumizi. Siku zile za Ujamaa tulitoka alfajiri, ukungu umelala juu ya makabichi, majembe ya shamba la shule begani na viazi vya kuchoma mfukoni vikitupasha moto. Njiani aliimba bila kukwama. Akianza kuzungumza tu, neno linamganda kooni. Watoto walimwiga, na bibi aliacha kusonga bada, ugali wetu wa muhogo, akawafukuza na mwiko: "Mwacheni mjukuu wangu! Maneno yake yanapanda mlima, yatafika."

Mwalimu wetu alikiita kigugumizi chake ukaidi. Tulipoambiwa mgeni anakuja kutoka wilayani, alitunga ngonjera ya kusifu kilimo cha pamoja, akamchagua kaka aifungue. Kaka aliomba aiimbe.

"Ngonjera haiimbwi," mwalimu alisema. "Mbele ya mgeni utasema tu."

Siku ikafika. Kaka akasimama mbele ya kijiji kizima. "M-m-m-mhe..." Mishipa ya shingo ikamtoka. Mtu mmoja akacheka, kisha wote, mgeni naye akashika tumbo. Mwalimu alimchapa palepale uwanjani, eti amemtia aibu mbele ya mgeni. Baba alikuwa amekaa na wazee. Hakuinuka.

Kaka hakurudi shule. Kuimba nako akaacha.

Mimi nilisoma, nikapelekwa ng'ambo, na nilipoulizwa nasomea nini nilijibu bila kufikiri: kuwasaidia watu waseme. Niliporudi, kazi hiyo haikuwa na hata jina nchini. Hospitali ilinipa stoo ya magodoro, na madaktari wakanitania, "Profesa wa vigugumizi." Uprofesa wenyewe ulikuja baadaye sana. Katika stoo ile watoto wa watu walijifunza kusema.

Likizo ya kwanza nilimkuta kaka akipalilia.

"Shikamoo, kaka. Kuna mazoezi nimejifunza. Twende mjini, nikusaidie."

Aliegemea jembe, akanitazama kwa huruma, kana kwamba mgonjwa ni mimi.

"S-sasa niseme nini, mdogo wangu? Na n-nani?"

Akaendelea kupalilia.

Shamba la shule sasa ni nyumba za watu, na vijana wa leo ngonjera hawaijui. Mwalimu alizikwa kwa hotuba ndefu. Wanafunzi wake wakubwa wakubwa walipokezana kumsifu. Kaka alipofariki, shehe aliuliza nani alisikia wasia wake. Wifi yangu, aliyeishi naye tangu ujana hadi uzee, akajibu kwa sauti ndogo:

"Alinishika mkono tu."

Tukainamisha vichwa, dua ikasomwa. Mimi nilishindwa kuitikia amina.